Nani Kakupa Hii?

Waraka ukivuja, mwanasiasa wa Tanzania huwa na maswali mawili mkononi. La kwanza ni kama yaliyoandikwa humo ni kweli. La pili ni nani kautoa. Ukitaka kujua waraka unamgusa nani, sikiliza anaanza na lipi. Ukimhusu hasimu wake ataanza na la kwanza, tena kwa sauti ya juu, na mwandishi aliyeupata atamwita mzalendo. Ukimhusu yeye mwenyewe, la kwanza halimfiki kinywani. Atataka jina, na akilikosa atamtaka aliyekataa kulitaja.

Tabia hii haina chama wala awamu, na mahali inapoonekana vizuri zaidi ni kwenye kiti cha waziri wa habari. Waliokikalia ni watu waliokwisha kunufaika na habari zilizovuja, au waliokuja kuzihitaji baadaye. Ndiyo maana sura hii inakifuata kiti hicho zaidi ya kumfuata mtu.

Februari 2008, Dodoma. Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, anasoma bungeni ripoti ya kamati teule kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mwaka 2006 kazi ya kuzalisha megawati 100 za umeme wa dharura bila kuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Kesho yake, tarehe 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa anatangaza kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wanaachia ngazi. Nchi nzima ilisikiliza redio siku hiyo, na Mwakyembe akawa shujaa, kwa haki kabisa.

Lakini kamati hiyo haikuanzia gizani. Magazeti yalikuwa yakiiandika Richmond muda mrefu kabla Bunge halijaunda kamati. Habari ya namna ile haipatikani kwenye mkutano wa waziri na waandishi. Inatoka kwa ofisa manunuzi aliyeona saini isiyokaa sawa, kwa mhasibu, kwa karani wa masijala aliyebeba jalada kutoka ofisi moja kwenda nyingine na njiani akalifungua. Hao hawakusimama bungeni wala hakuna aliyewapigia makofi, na walichotegemea ni mwandishi kufunga mdomo.

Mwezi mmoja kabla ya ripoti ile, Januari 2008, watu walivamia ofisi za gazeti la MwanaHalisi Kinondoni, wakammwagia tindikali mhariri Said Kubenea na kumkata mapanga mwenzake, Ndimara Tegambwage. Februari hiyohiyo Maxence Melo na mwenzake, waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni ambalo leo tunalijua kama JamiiForums, walikamatwa na polisi na kompyuta zao zikachukuliwa. Ukumbini watu walishangilia ufichuaji, mitaani wafichuaji waliumizwa. Sijui kama kuna aliyeona ajabu.

Miaka saba baadaye, mwaka 2015, Bunge lilipitisha sheria mbili ambazo ukizisoma kwa pamoja zinaeleza kila kitu. Moja ni ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Ina maneno mazuri: anayefichua uovu kwa manufaa ya umma asifukuzwe kazi, asitishwe, asinyanyaswe. Masharti yake ni kwamba taarifa hiyo uipeleke kwa mamlaka husika. Maana yake, ukimkuta bosi wako anaiba, mripoti kwa wakubwa wenzake. Ukiipeleka gazetini kwa sababu wale wakubwa wenzake umewaona wakila naye, sheria hiyo haikutambui.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa Aprili na kuanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi madaraka ya kumwagiza mtu yeyote mwenye data atoe data hiyo ikihitajika kwenye upelelezi. Mkuu wa kituo, si jaji. Hakuna mahali anapotakiwa kupima kama anayeombwa ni mwandishi au mhariri, wala kama siri inayotafutwa ni ya mwizi au ya aliyemfichua mwizi. Kifungu cha 22 kinamngoja atakayekataa: faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja wabunge walewale walimpa mtoa taarifa mwavuli, kisha wakampa polisi namba ya nyumba yake. Nilipata kumuuliza mbunge mmoja wa wakati ule kama waliona mgongano huo. Akasema muda wa kujadili ulikuwa mfupi. Namwamini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa chumba cha habari, inafaa kueleza siri hii inatunzwaje, kwa sababu wengi hudhani ni suala la kunyamaza tu. Kazi huanza pale karatasi inapotua mezani. Mhariri mwenye uzoefu haangalii kwanza kichwa cha habari, anaangalia alama. Kuna muhuri mwekundu wa SIRI, na kuna namba ya nakala: kama waraka ulitolewa kwa watu sita na huu ni nakala ya nne, ukiupiga picha na kuuchapa ukurasa wa mbele umekwishamtaja mtu. Kuna namba ya folio inayoonyesha ulichomolewa jalada gani. Pembeni kuna dokezo la mkono, mkubwa akimwandikia mkubwa mwenzake, na hilo linaonyesha waraka ulikuwa umefika ofisi gani ulipotolewa nakala. Hata alama ya pini iliyopinda kwenye kona inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Ndiyo maana magazeti makini huandika upya maneno ya waraka badala ya kuuonyesha, na msomaji hulalamika kwamba hawana ushahidi.

Halafu kuna simu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani chanzo kilipiga kutoka laini isiyo na jina. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulifika Januari 2020, kila laini ina kidole cha mtu. Anayetaka kujua nani aliongea na mwandishi wiki ile hahitaji kumhoji mwandishi. Waandishi wa siku hizi wakienda kukutana na chanzo huacha simu ofisini, na wazee wa kazi wanawacheka kwamba wamerudi enzi za miadi ya kituo cha basi. Mimi siwacheki.

Mtandaoni hali ni tofauti kidogo, maana mtoa taarifa hakutani na mhariri kabisa. Anaandika kwa jina la bandia, na anayejua ametoka wapi ni mwenye jukwaa, kupitia barua pepe aliyojisajilia na anwani ya intaneti aliyotumia. Mwaka 2016 polisi waliiandikia Jamii Media, kampuni ya JamiiForums, kutaka taarifa hizo kuhusu watumiaji walioandika juu ya makampuni yaliyotuhumiwa kukwepa kodi na mengineyo. Zingatia hapo: wapelelezi walimtafuta aliyesema kodi imekwepwa. Jamii Media ilikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu vya 32 na 38 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao, na ilikuja kushindwa. Desemba 13, 2016 Melo alikamatwa. Siku tatu baadaye alifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu na kusomewa mashtaka katika kesi tatu: mbili za kuzuia upelelezi kwa kutotoa data, na moja ya kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz.

Wanaoijua Kisutu wanajua adhabu yenyewe hutangulia hukumu. Unafika asubuhi na mdhamini wako, unakaa benchi, unasikia upande wa mashtaka ukisema shahidi hajafika au upelelezi haujakamilika, unapangiwa tarehe. Melo alipanda ngazi zile kwa miaka. Kesi moja ilifutika Juni 2018, mahakama ikamwachia huru. Aprili 2020, katika nyingine, alitiwa hatiani na kuamriwa kulipa milioni tatu au kwenda jela mwaka mmoja. Katikati ya hapo, mwaka 2019, Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ya New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Nyumbani mshtakiwa, ugenini mshindi, na kosa na sifa ni kitu kilekile.

Melo alipokamatwa, waziri wa habari alikuwa Nape Nnauye, na hapa hadithi inanoga.

Nape hakuwa mgeni wa vyombo vya habari. Kama katibu mwenezi wa CCM alikuwa rafiki wa wahariri, mtu wa kupiga simu na kupigiwa. Alipokabidhiwa wizara, mwezi Januari 2016 pekee, alilifuta gazeti la Mawio na kulitangazia Bunge kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyake moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Agosti alilifungia gazeti la Mseto miaka mitatu kwa habari iliyotegemea waraka ambao serikali ilisema ni wa kughushi. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuja kusema mwaka 2018 kwamba adhabu hiyo haikuwa halali. Novemba 2016 aliupeleka bungeni na kuutetea muswada wa Sheria ya Huduma za Habari, Rais Magufuli akausaini tarehe 16. Mwezi haujaisha, Melo yuko rumande.

Halafu ikaja Ijumaa ya Machi 17, 2017. Usiku, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia ofisi za kituo cha utangazaji cha Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Ilidaiwa alitaka kipindi chenye tuhuma dhidi ya Askofu Josephat Gwajima kirushwe. Tunajuaje kwamba aliingia na bunduki? Kwa sababu picha za kamera za usalama za jengo zilivuja. Kuna mtu alizitoa. Hakuna mhariri aliyezionea haya na hakuna mwananchi aliyeuliza kibali chake kiko wapi.

Lililofuata nampa Nape sifa yake, na nampa bila kinyongo. Aliunda kamati ya watu watano kuuchunguza uvamizi huo, akaipa saa 24, akaipokea ripoti yake hadharani huku Rais akiwa ameshaonyesha wazi kwamba mkuu wake wa mkoa aendelee na kazi. Machi 23 alifukuzwa uwaziri. Mchana aliwaita waandishi hoteli ya Protea, Oysterbay, ili awaeleze. Polisi wakaizuia hoteli. Alipofika na gari, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola, mbele ya kamera. Nape akaishia kuongea na waandishi palepale barabarani.

Itazame picha ile ya bastola ukiipata. Aliyeshikiwa silaha ni mtunga sheria iliyowabana waandishi. Waliobaki kumzunguka, wenye vinasa sauti na kamera, ni waandishi. Kama wangetii mantiki ya ile sheria aliyoitetea miezi minne nyuma, wangeshusha kamera na kungoja taarifa rasmi. Walizinyanyua, na kesho yake nchi iliona.

Na nani alikabidhiwa kiti? Dk. Harrison Mwakyembe, yuleyule wa Richmond. Siku ya kumwapisha, Rais aliwaonya wamiliki wa vyombo vya habari wasidhani wana uhuru wa kiasi hicho. Mwakyembe aliusikia ujumbe vizuri. Juni 2017, siku chache baada ya kamati ya makinikia, yaani mchanga wa madini, kusoma ripoti yake Ikulu ikirushwa moja kwa moja, Mawio, ambalo lilikuwa limerejea mitaani, lilichapa picha za marais wastaafu Mkapa na Kikwete likiwahusisha na mikataba ya madini. Likafungiwa miaka miwili. Septemba MwanaHalisi likafuata, miaka miwili nalo, na Raia Mwema siku 90. Oktoba ikawa zamu ya Tanzania Daima. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipie leseni shilingi milioni moja, na ada ya milioni nyingine kila mwaka. Juni hiyo JamiiForums ilizimika kwa muda.

Mtu aliyepata jina kwa kusoma mkataba mbovu mbele ya taifa alifungia gazeti lililouliza nani alisaini mikataba mibovu. Watetezi wake husema waziri hutekeleza matakwa ya mamlaka ya uteuzi. Inawezekana. Ila mwaka 2008 mamlaka ya uteuzi ilikuwa na Waziri Mkuu kipenzi, na Mwakyembe hakujali.

Nape, kwa upande wake, alibaki mbunge wa Mtama, na mwaka 2019 ikamfika zamu asiyoitarajia. Zilisambaa mitandaoni sauti za simu, zake na za makada wenzake, Abdulrahman Kinana na January Makamba miongoni mwao, wakizungumza juu ya chama na mwenyekiti wao. Hakuna aliyejitokeza kusema simu hizo zilinaswa na nani. Septemba 10 Nape alikwenda Ikulu kumwomba Rais msamaha, akasamehewa mbele ya kamera. Hapo, kwa mara moja, swali la nani kautoa lilikuwa ndilo swali sahihi, maana simu ya raia si waraka wa umma. Ajabu ni kwamba serikali iliyomburuza Melo kortini kwa kutomtaja mtu haikuonekana kuwa na haraka ya kumjua huyu.

Alirudi kwenye kiti Januari 2022, chini ya Rais Samia. Februari 10 aliwakabidhi leseni wenye Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima. Mawili ya kwanza aliyatia kufuli yeye mwenyewe mwaka 2016. Waliokuwa ukumbini walipiga makofi, na nadhani nami ningepiga, kwa sababu gazeti likifunguliwa watu wanapata kazi. Lakini hakuna aliyelazimika kueleza kilichobadilika. Kosa lilikuwa kosa mwaka 2016 na halikuwa kosa mwaka 2022, na Sheria ya Huduma za Habari ilikuwa haijarekebishwa. Marekebisho yalikuja Juni 2023, yakapunguza makali ya jinai kwenye kashfa. Simu na data za chanzo zikabaki mikononi mwa kifungu cha 32.

Asije msomaji akadhani huu ni ugonjwa wa CCM. Septemba 15, 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Wilbrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi. Orodha ile ilijengwa kwa nyaraka zilizovuja, na bila watu wa ndani Chadema isingekuwa na hotuba siku hiyo, pengine isingekuwa chama kile tulichokijua baadaye. Lowassa alikuwamo kwenye orodha. Mwaka 2015 akawa mgombea urais wa chama hichohicho, na Slaa akaondoka.

Kuna kisa kidogo zaidi ambacho kwangu kinasema mengi kuliko hicho. Samson Mwigamba alikuwa mwenyekiti wa Chadema mkoa wa Arusha na mwandishi wa safu katika Tanzania Daima. Mwaka 2011 serikali ilimshtaki kwa uchochezi pamoja na wahariri Absalom Kibanda na Theophil Makunga, kwa makala iliyowaandikia askari. Wapinzani walisimama naye, kalamu isifungwe. Oktoba 2013, kesi ikiwa bado mahakamani, chama chake kilimsimamisha uongozi kikimtuhumu kuwa ndiye aliyeandika kwa jina la bandia, kwenye JamiiForums, tuhuma dhidi ya viongozi wa juu. Katika sakata hilo hoja ya jina ilitangulia hoja ya tuhuma, kama kawaida. Mahakama iliwaachia huru wote watatu Januari 2014. Serikali ilishindwa kumpata na hatia kwa alichokiandika kwa jina lake, chama kikamwadhibu kwa kilichodaiwa kuandikwa bila jina.

Tuwe wakweli pia: jina la bandia limewahi kuharibu watu wasio na kosa. Wapo waliotungiwa magonjwa, waliozuliwa talaka, wafanyabiashara waliochafuliwa na washindani wao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mwandishi anayechafuliwa mtandaoni hupiga kelele kama waziri. Tena kila mhariri anajua kwamba wavujishaji wakubwa nchini ni vigogo wenyewe. Bahasha nono kuliko zote hutoka kwa mkubwa anayetaka kumwangusha mkubwa mwenzake kabla ya baraza kubadilishwa, na huletwa na dereva wake. Mkubwa huyo hajawahi kuitwa kituoni kutaja chanzo. Anayeitwa ni karani.

Njia ya kumlinda karani huyo haihitaji kubuniwa upya. Tangu 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya mwandishi Goodwin dhidi ya Uingereza, iliweka msimamo kwamba mwandishi asilazimishwe kutaja chanzo isipokuwa pana maslahi ya umma mazito kuliko siri yenyewe. Kwetu ingetosha kuandika ndani ya kifungu cha 32 kwamba amri itolewe na jaji, baada ya kumsikia mwandishi, na baada ya polisi kuonyesha kwamba wamejaribu njia nyingine zote. Na ndani ya ile sheria ya watoa taarifa, kuongeza kwamba chombo cha habari ni mahali halali pa kupeleka uovu pale mamlaka husika inapokuwa sehemu ya uovu huo. Ni mistari michache, isiyomaliza saa moja ya kikao.

Waliokuwa na nafasi ya kuiandika wameshabadilishana kiti mara kadhaa. Nape aliondolewa tena Julai 2024, baada ya maneno yake ya Bukoba juu ya namna kura zinavyopatikana. Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications. Desemba wizara ya habari alikabidhiwa Profesa Palamagamba Kabudi, ambaye Julai 2019, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliiambia BBC kwamba Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyetoweka Kibiti Novemba 2017 akifuatilia mauaji, alitoweka na kufa, kisha akasema hakueleweka. Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi, leseni ya JamiiForums ilisimamishwa siku 90.